Masahihisho Hukaa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo nimekalia kiti cha Mwalimu Adriano, na sijakipenda. Kipana mno, tena kimelika upande wa kulia anakoegemea akisoma. Mwenyewe yuko hospitali tangu Ijumaa. Kiharusi kilimkuta hapahapa mezani, kalamu mkononi, anasahihisha habari ya mbolea ya Urambo. Hakuanguka. Aliniita tu, "Imakulata, mbona herufi zinatembea?" halafu mdomo ukapinda.

Yeye ni mhariri mkuu wa Jembe na Mzinga, gazeti la kila mwezi la umoja wetu wa wakulima na wafuga nyuki hapa Tabora. Kurasa nane, zinasafiri kwa basi na treni mpaka Tura, Urambo, Nzega, Ziba. Ana miaka ishirini na saba kwenye kiti hiki. Mimi ni msaidizi wake mwaka wa kumi na moja, na kwa miaka yote hiyo jina linalochapwa chini ya kila toleo ni moja: lake. Naandika hapa kwa kuwa sina pa kulisemea: jambo hilo linanikera. Hata leo limenikera, na papo hapo nimelia mpaka Recheli, mpangaji wetu wa kurasa, akaniletea maji.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya Isevya imekuwa mto. Ofisini nimekuja mimi na bata wa jirani.

Jumanne, 14 Januari

Nimempelekea Mwalimu uji wa ulezi. Anaongea kwa nusu ya mdomo.

"Nani anasoma kurasa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akainua vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Mtu uji wenyewe unamshinda kumeza, lakini nguvu za kunikaripia anazo!

Mara akaingia mzee Omari, fundi cherehani wa karibu na stesheni. Hakusalimia. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Huyu bado hajafa tu? Sanda nimeshashona, kitambaa kinaliwa na panya." Muuguzi, mgeni wa huku, nusura aite mlinzi. Mwalimu akacheka mpaka uji ukamtoka puani. Ni mara ya kwanza kucheka tangu augue.

Omari ni Mzaramo, alikuja na kazi za reli akabaki. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu wakipita kwao na mizigo begani kwenda pwani. Mtani hakupi pole. Anakutukana, na ukinuna umeshindwa. Kila mwezi humtukana Mwalimu gazetini kwenye "Barua ya Mtani", na Mwalimu humjibu. Wako wasomaji wanaoanza na ukurasa huo kabla ya kuangalia bei ya alizeti.

Jumatano, 22 Januari

Mwenyekiti wa umoja, Shigela, kapita ofisini. Daktari amesema Mwalimu harudi kazini. Kamati itakaa tarehe 15 Machi kuchagua mhariri mkuu. "Toa matoleo mawili safi, kiti ni chako," kasema. "Yakiwa na dosari, kuna bwana mmoja Dodoma anasubiri." Nimejibu, "Sawa, Mwenyekiti," kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuijua.

Jumatano, 29 Januari

Kesho tunapeleka kurasa mtamboni. Umeme umekatika mara nne. Na barua ya Omari imeletwa leo, dakika za mwisho. Nainakili nisije nikasahau jinsi mtu mzima anavyoweza kukosa adabu:

"Natangaza kwa furaha kubwa kwamba yule mla matobolwa, viazi vikavu vya kwao, Adriano wa Ng'ambo, mjukuu wa wapagazi waliokula kuku wetu bila kulipa, amekufa. Kauawa na uroho. Mazishi Jumamosi saa nane mchana nyumbani kwake. Kila mtu aje na chakula, maana Wanyamwezi ni wachoyo hata msibani. Jeneza lisiwe refu, mtu mwenyewe kipande. Kitanda chake cha mninga nakichukua mimi. Omari, fundi cherehani."

Nimeisoma nikasikia vibaya. Mwalimu wa watu yuko kitandani, nusu ya mwili imekufa ganzi, halafu nimwite mroho na kipande mbele ya mkoa mzima? Nimeketi nikaisafisha. Nimetoa kila tusi, moja moja. "Amekufa" nimeona ni neno kavu, nikaweka la heshima. Kichwa cha "Barua ya Mtani" nimekitoa pia, nafasi ilibana. Recheli kaniuliza, "Dada Ima, hii ikae wapi?" Nikamwambia popote penye nafasi.

Nimesoma kurasa zote mara mbili. Ya tatu macho yamegoma.

Jumatatu, 3 Februari

Toleo langu la kwanza limetoka! Mabunda yamekwenda stendi na stesheni. Linanukia wino, limenyooka. Kama Shigela ana dosari ya kuonyesha, aonyeshe.

Jumatano, 5 Februari

Radi imepiga mnara jana, simu zimekufa mji mzima. Mwalimu karuhusiwa, yuko nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, binti yake Elieth anamtunza.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Naanza na saa sita mchana, nilipokuwa barazani kwa Mwalimu, Ng'ambo, yeye kitini na blanketi magotini, mimi namsomea gazeti kwa kuwa miwani yake ilibaki hospitali. Tulikuwa ukurasa wa tatu. Tukasikia kilio kinakuja na barabara. Wanawake wengi, kilio cha msiba hasa. Mwalimu akavua kofia kwa heshima ya marehemu wa watu.

Elieth akatoka mbio mpaka njiani. Tukamsikia anauliza, "Jamani, nani kafa?"

Sauti ikamjibu, "Pole mwanangu. Baba yako."

Nililifungua gazeti ukurasa wa saba. Pale, chini ya tanzia mbili za kweli, ilikuwepo ya tatu: "Natangaza kwamba Mwalimu Adriano wa Ng'ambo amefariki dunia. Mazishi Jumamosi saa nane mchana nyumbani kwake. Kila mtu aje na chakula. Omari, fundi cherehani."

Basi. Nilipotoa matusi, hicho ndicho kilichobaki. Nilikisoma mara mbili nisikione, kwa kuwa Mwalimu nilikuwa nimetoka kumlisha uji kwa mkono wangu. Nilijua yu hai. Wasomaji wangejulia wapi?

Wakaingia uani. Fuso nzima kutoka Urambo, watu wamesimama nyuma wameloa chapachapa. Wa Ziba wamekuja na basi, wa Tura na treni. Hakuna aliyepiga simu kuuliza, na hata mnara ungekuwepo wasingepiga. Kwetu msiba hauulizwi, unaendewa. Na kila mtu kabeba chakula, kama gazeti lilivyosema: magunia ya mahindi, karanga, michembe ya viazi vilivyokaushwa, majogoo wamefungwa miguu.

Mbele yao alikuwa Bibi Kabula wa Tura, mfuga nyuki, mwandikaji wetu wa barua tangu mwanzo, au niseme msemaji, maana huandikiwa na wajukuu. Kavua viatu tangu stesheni. Kichwani kapu la uyoga. Akapanda ngazi ya baraza analia na macho kayafumba, akayafumbua mbele ya Mwalimu.

"Shikamoo dada," Mwalimu akasema kwa nusu ya mdomo.

Uyoga ukamwagika wote. Bibi akakaa chini kama gunia. Akamshika miguu, akamshika magoti, akamfinya shavu lile lililolala mpaka Mwalimu akaguta. Uwanja mzima ukalipuka. Wengine vicheko, wengine kilio upya, mzee mmoja wa Urambo anamshukuru Mungu kwa Kinyamwezi na kupiga makofi. Kwa saa nzima walimpangia foleni marehemu wao. Mmoja kamwambia, "Nilikuja kukuaga kwa sababu ulichapa barua yangu ya kwanza nilipokuwa sijui kuandika sawasawa." Mwalimu akawa analia na kucheka, Elieth anampangusa kidevu. Sijawahi kuona mtu anapendwa hadharani namna ile. Ningefurahi, kama nisingekuwa mimi niliyewaita.

Kisha Bibi Kabula akasimama, akatafuta kwa macho, akanikuta nimejibanza nyuma ya mlango.

"Wewe ndiye uliyebaki na gazeti?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

Hakuitikia. "Nimelia kutoka Tura mpaka hapa. Machozi yale atanirudishia nani? Gazeti hili liliposema hama na mizinga, nilihama. Liliposema mbegu ile mbovu, nilimwaga. Sijui kusoma, lakini nililiamini kuliko wanangu. Sasa mmezika mtu anayekunywa uji. Kesho mkiniambia mvua inakuja, nitoke nje kuangalia kwanza?"

Nikainama kuokota uyoga wake.

Chakula kilikuwepo, kikapikwa. Watu wakala, wakaondoka kabla giza halijaingia. Mwalimu akanivuta karibu. Nilidhani ananikaripia. Akasema polepole, "Imakulata. Siku nikifa kweli, nani atakuja?"

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda misa. Niliona aibu kupewa amani na watu.

Jumatatu, 10 Februari

Omari kaja ofisini na futi yake ya kupimia nguo shingoni, anatweta.

"Nani kakwambia unisafishe?"

"Mwalimu mgonjwa, mzee Omari. Niliona si heshima."

"Heshima!" Kapiga meza. "Watu wote wanamnong'oneza kama maiti. Pole Mwalimu, lala Mwalimu. Mimi peke yangu namtukana, na akinitukana anajua bado mtu! Wewe Mnyamwezi umetoa matusi ukaacha kifo. Ungetoa kifo ukaacha matusi, ningekuelewa!"

Akakaa. Akajifuta uso kwa ile futi. Wateja wanamwita mchawi, kasema, kwa kuwa jina chini ya tangazo ni lake. Nimemwomba radhi. Kanijibu kwamba radhi za Wanyamwezi anazo kabati zima, hazijawahi kumfaa. Hapo nikajua kanisamehe.

Jumanne, 11 Februari

Shigela. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Ziba wamerudisha bunda zima. Wanasema gazeti linalozika walio hai, bei zake nani azifuate?" Akamtazama Recheli kupitia dirisha. "Tangazo kulipeleka kwenye tanzia ni kazi ya mpangaji kurasa. Mtaje Recheli kwenye masahihisho, tumwachishe kazi, na wewe tarehe 15 unaingia kikaoni msafi."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Naliandika hilo ili siku nyingine nisijidanganye.

Alhamisi, 13 Februari

Recheli hanitazami. Ana watoto wawili, na baba yao alishatokomea Kahama.

Nimefungua kabati la matoleo ya zamani kutafuta masahihisho huandikwaje. Kwa Mwalimu hukaa ukurasa wa kwanza, juu, yasijifiche. Nimesoma ya miaka kumi na moja. "Nilikosea tarehe ya kuogesha mifugo Igunga." Yeye? Ile habari niliandika mimi, wiki mtoto wangu alipokuwa na surua! "Nilikosea kipimo cha dawa ya mahindi." Mimi tena. "Nilikosea jina la marehemu." Mimi. Nimehesabu kumi na nne. Tisa ni zangu, nne za wengine, moja yake mwenyewe. Kote chini kasaini yeye, na hakuna siku aliyoniambia.

Na mimi nimekaa miaka yote nanuna kwamba jina lake liko peke yake pale chini. Nilidhani pale ni mahali pa kusifiwa.

Jumatatu, 17 Februari

Nilikwenda Ng'ambo nimwambie nilichokikuta kabatini. Sikupata nafasi. Mwalimu alikuwa na karatasi mapajani, kaiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala kama za mtoto wa chekechea. "Nilikosea. Adriano, Mhariri Mkuu."

"Chapa hiyo," akasema. "Mimi mgonjwa, nani atanigombeza? Wewe uingie kikaoni salama."

Imemchukua siku tatu kuyaandika maneno yale. Elieth kaniambia alitoka jasho.

Nilipiga magoti pale barazani nikaweka kichwa kwenye blanketi lake, nikasema, "Mwalimu, hapana. Umenibebea tisa. Hii niache niibebe." Akanipapasa kichwa kwa mkono ule mzima. Hakubisha. Ninavyomfahamu, angetaka kubisha angebisha.

Ijumaa, 28 Februari

Nimempelekea masahihisho ayasome kabla ya mtambo. Miwani imepatikana. Kasoma mara tatu, kidole kinafuata mstari.

"'Tuliandika,'" akasema. "Ninyi nani?"

Nimebadilisha. Yanakwenda hivi, ukurasa wa kwanza, juu:

"Katika toleo la Februari niliandika kwamba Mwalimu Adriano amefariki dunia. Si kweli. Yu hai, anakula, anakaripia. Barua ilikuwa ya utani, ya mtani wake Omari. Mimi niliitoa matusi nikaacha kifo. Waliosafiri na kulia walisafiri na kulia kwa kosa langu. Hakuna mwingine aliyekosea. Imakulata Ngollo, Kaimu Mhariri Mkuu."

Recheli kayapanga mwenyewe. Alipofika mwisho akaacha kuchapa, akaja akanikumbatia.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Omari naye kafunga, Ramadhani imeanza. Kasema mwaka huu Mungu kaamua kuwafunga midomo Wanyamwezi na Wazaramo pamoja ili Tabora ipumzike.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao. Shigela akasimama akasoma masahihisho yangu kwa sauti, mbele yangu, neno kwa neno. Mmoja akasema mhariri anayejishtaki mwenyewe analiaibisha gazeti. Mwingine, mama wa Nzega, akasema yeye hajawahi kuona mkubwa akikiri kosa kwa maandishi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Uamuzi: nibaki kaimu hadi Juni, na yule bwana wa Dodoma aitwe kwa mahojiano.

Kwa hiyo sikupata. Nimekwenda kumwambia Mwalimu.

"Kaimu?" akasema. "Mimi nilikaimu miaka minne." Akaomba nimchambulie karanga.

Jumapili, 23 Machi

Homa imempanda tangu Ijumaa. Kifua. Hataki kurudi hospitali. Nimekaa naye mchana kutwa, mvua inapiga bati, tunasubiri ipungue ndipo tusikilizane.

"Nikifa usinipambe," kasema. "Maneno mawili. Yawe ya kweli."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Watakuja, Imakulata? Walishakuja mara moja."

"Watakuja," nikasema. Nimesema uongo, maana sikujua. Ziba mpaka leo hawajachukua bunda la Machi. Tura hakuna barua hata moja tangu siku ile.

Jumatano, 26 Machi

Mwalimu wangu amefariki leo saa mbili asubuhi. Elieth upande mmoja, mimi upande mwingine nimeshika mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na joto bado, nikawa nausugua kana kwamba ni baridi tu iliyompata. Nampenda mzee huyu. Sikuwahi kumwambia akiwa mzima, nilikuwa nashughulika kununa.

Saa nne nilikuwa ofisini. Toleo la Aprili bado, na mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo tumetoa karatasi moja ya peke yake. Shigela kaja, macho mekundu, maana hata yeye alifundishwa na Mwalimu. Kashika kalamu yake muda mrefu, kisha kasema kwa upole, "Tuweke muhuri wa umoja na sahihi yangu. Wewe, mama, safari hii hawatakuamini."

Huenda yuko sahihi. Lakini mhariri ni mimi, japo kaimu. Nimeandika: "Mwalimu Adriano wa Ng'ambo amefariki dunia leo asubuhi. Mazishi Jumamosi saa nane mchana nyumbani kwake. Imakulata Ngollo." Nimeisoma mara tatu. Recheli mara tatu. Omari kaisoma kwa machozi, akatafuta tusi la kuongeza, likamkosa, akaenda kushona sanda ya kweli.

Karatasi zimeondoka na mabasi ya mchana na treni.

Alhamisi, 27 Machi

Simu imelia tangu saa moja asubuhi. Nzega: "Ni utani huu?" Si utani. Urambo: "Tuapie." Nimeapa. Ziba wamekata kabla sijamaliza sentensi. Kila nikiweka simu chini naona uwanja ule mtupu, na jeneza, na Elieth peke yake na sisi watu wa ofisini. Saa nane mchana sikuwa na sauti tena.

Ikalia nyingine. Kelele za watu nyuma, na jogoo.

"Kabula hapa. Wa Tura."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesomewa karatasi. Safari hii kafa kweli?"

"Kafa kweli, bibi. Nilikuwa nimemshika mkono."

Nikasikia anamwuliza mtu kitu, mtu anamjibu, karatasi inachakarika.

"Huyu msomaji wangu anasema chini pana jina. La nani?"

"Langu, bibi. Imakulata."

"Yule aliyesema kosa ni lake?"

"Ndiye mimi."

"Basi tunakuja," akasema, na nikamsikia anageuka kuwaambia wenzake wafunge mizigo.